Hatua Mbili za Mwavuli wa Kuazima

Wanangu wa kikundi cha muziki, mmeniandama mwezi mzima niwaandikie habari za miaka yangu ya piano huko Saudia, nami nimekuwa nikiwakwepa. Mara nasingizia macho, mara mgongo. Ukweli ni kwamba naona haya. Si zile haya za mtu kuinamisha kichwa huku anangoja asifiwe. Haya zenyewe hasa, za kunifanya nigeukie ukuta nikiwa peke yangu chumbani, mpaka mke wangu aniulize kutoka jikoni, "Wewe, waguna nini?" Basi leo nimekaa, chai iko hapa, nitaandika mpaka nimalize. Atakayecheka na acheke.

Nianze na wimbo wenyewe, maana msipouelewa wimbo hamtaielewa aibu yangu. Kwa Kiingereza una jina refu, lakini sisi wapigaji wa mahoteli ya Mombasa tuliuita Mwavuli wa Kuazima. Ni wimbo mkongwe wa Wamarekani, wa zile nyimbo ambazo kila mpiga jazi duniani anatarajiwa azijue, hata kama hamjawahi kuonana mkikutana mnaweza kuupiga pamoja. Mwanamume ameazima mwavuli kwa mwanamke siku ya mvua. Sasa jua linawaka, na yeye hataki kuurudisha, kwa kuwa akishaurudisha hatakuwa na sababu ya kubisha hodi tena. Habari yote ni hiyo.

Ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, na kazi yake ilikuwa ndogo kabisa. Mwigizaji mmoja, wala si mkubwa, alisimama mbele ya pazia akauimba ili mafundi walio nyuma yake wapate muda wa kuhamisha makabati na viti. Mchezo haukupendwa, ukafungwa upesi. Wimbo ukapona. Bendi za dansi zikauchukua zikaupiga kwa kasi ya kuruka, halafu wapiga jazi wakaupunguza mwendo, wakagundua kwamba kumbe chini ya mzaha ule pana huzuni. Utangulizi wake, uliosimulia mambo ya mchezo, wakautupa, na leo ni wachache wanaoukumbuka. Ndivyo nyimbo hizi zinavyosafiri: kila anayezibeba anaacha kitu njiani. Wengine huacha kwa hiari na wengine, kama sisi, kwa ujinga.

Sasa umbo lake. Shikeni vidole. Wimbo una hatua thelathini na mbili, kila hatua mapigo manne, zimegawanywa katika vyumba vinne vya hatua nane nane. Chumba cha kwanza na cha pili vina sauti ile ile, maneno tofauti. Cha tatu kina sauti yake mbali kabisa, nacho tunakiita daraja. Cha nne kinarudia sauti ya mwanzo na kufunga. Ukikariri umbo hilo umeshika nusu ya nyimbo za zamani za jazi.

Vyumba vya nyumbani viko katika ufunguo wa F. Daraja linahamia ufunguo wa A, na ukifika hapo ni kama mtu amefungua dirisha. Hapo ndipo yule bwana anapokiri kwamba mvua ilikwisha siku nyingi. Lakini ukishakwenda A sharti urudi F, na ukirudi ghafla msikilizaji anashtuka. Kwa hiyo mtunzi aliweka hatua mbili mwisho wa daraja, ya saba na ya nane, kodi mbili tu, si hizi za serikali, nasema za piano, noti kadhaa kwa mpigo mmoja: G maina, kisha C seveni. Mwimbaji anashikilia noti yake ndefu huku kodi hizo mbili zikimrudisha nyumbani polepole.

Hatua hizo mbili mimi sikuzijua karibu maisha yangu yote ya kazi.

Mwalimu wangu alikuwa Kombo, kiongozi wa bendi katika hoteli moja ya ufuoni, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamrisha meli. Hakusoma noti, wala mimi sikusoma. "Noti ni za viziwi," ndivyo alivyokuwa akisema. Kila wimbo mpya tuliupata kwenye kanda, na kanda ya Mwavuli wa Kuazima aliiomba kwa mtalii mmoja akaondoka nayo kama amepewa dhahabu. Siku tuliyoanza kuisikiliza, redio ya Kombo ikaila. Nyinyi hamjui mambo haya. Utepe ulikuwa unanaswa ndani, unakunjamana, unatoka kama tambi. Kombo akaporomosha matusi yote anayoyajua, akachukua wembe, akakata pale palipotafunwa, kipande cha kama urefu wa mkono, akaunga kwa selotepu. Mimi ndiye niliyeshika penseli nikizungusha utepe urudi ndani. Nilikuwepo, wanangu. Kumbukeni hilo.

Tukauweka tena. Mwimbaji akaimba vyumba viwili, akaingia darajani, halafu paap! Kutoka A mpaka F bila salamu. Kombo akapiga paja lake. "Mumesikia mruko huo? Hawa watu wana akili! Hawabembelezi, wanakurusha!" Na katika kanda ile daraja lilipita mara moja tu; baada ya hapo saksafoni ilicheza kidogo, mwimbaji akarudi kufunga na chumba cha mwisho. Hatukuwa na pa kulinganisha. Tukajifunza mruko, tukaupenda, tukaufanya mkali zaidi. Bendi za mahoteli mengine zikatuiga. Ukaitwa mruko wa Kombo, na kuna wahudumu waliosimama na sinia mkononi wakiungoja. Pwani nzima ilikuwa ikipiga wimbo wenye kovu la wembe, na sote tukajiona mafundi.

Marehemu simlaumu. Alikuwa na kanda moja na wembe mmoja, nasi tulikuwa na ada ya hatari: kila mtu alijifunza kwa mkubwa wake, na mkubwa haulizwi. Mimi nilikuja kuwa na simu mfukoni yenye nyimbo zote za dunia. Hapo ndipo penye haya.

Riyadh nilifika enzi ambazo muziki wa hadharani haukuwepo. Kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, alikuwa mtu mwema, lakini hapakuwa na namna ya kuandika mpiga piano kwenye ikama, yaani kibali cha kuishi kule, akaniandikisha fundi wa viyoyozi. Nikawa napiga ndani ya makazi ya wageni, yale ya kuta ndefu na walinzi langoni. Siku moja madam jirani yake akasikia kuna fundi wa viyoyozi, akamtuma dereva anichukue. Ningesema nini? Nilipita soko la Al-Dirah nikanunua bisibisi mbili ili nifanane na ikama yangu, nikaenda nikafungua kile kifuniko huku nasoma dua. Ndani vumbi tupu. Nikatoa kichujio, nikakikung'uta, nikakiosha, nikarudisha, baridi ikatoka. "Mashallah, ya muhandis!" Ndiyo mimi huyo, mhandisi. Tangu siku ile sikupumzika. Niliosha vichujio vya mtaa mzima, na hakuna aliyejua kwamba ufundi wangu unaishia hapo.

Nawachekesha kwa sababu naogopa kufika mbele. Lakini angalieni, mtu akishazoea kusifiwa kwa kitu asichokijua, anazoea. Katika makazi yale kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, mtu mzima, aliyekuja pianoni baada ya Mwavuli wa Kuazima akaniambia, "Maisha yangu yote sijausikia ukipigwa hivyo." Nikainama kwa shukrani, mkono kifuani. Nilimsimulia kila mtu. Leo nikimkumbuka yule bibi natamani kuingia chini ya meza.

Niwape na ya kuwafaa, isiwe maneno yangu yote ni kilio. Riyadh ni kavu, mbao za piano zinapasuka. Weka bakuli la maji ndani ya sanduku lake la chini. Jeddah ina unyevu wa bahari, vidole vya piano vinavimba na kuganda. Fika mapema uvibonyeze vyote kimoja kimoja kabla ya wageni. Piga kwa sauti ambayo bado unasikia vijiko vikigonga vikombe; usipovisikia umezidisha. Na ukisikia adhana, funga. Usiseme nimalizie chumba hiki. Funga hapo hapo ulipo, kwa kodi moja laini, ushushe mikono. Nimewaona wapigaji wazuri wakirudishwa makwao kwa kutaka kumalizia.

Mambo yalipofunguka, muziki ukaruhusiwa hadharani, nikahamia Jeddah. Nilipanga chumba Kandara, karibu na kituo cha zamani cha mabasi, na kila siku baada ya alasiri nilikuwa nikipiga kwenye ukumbi wa chai wa hoteli moja kubwa. Safari hii ikama ilisema mwanamuziki, nami niliionyesha hata kwa watu ambao hawakuiuliza. Tulikuwa watatu. Besi alipiga Rodel, Mfilipino mpole, mtu wa kuzungumza mara moja kwa juma. Na mwimbaji akaletwa Atieno.

Atieno alikuwa mwalimu wa watoto wadogo Kisumu. Aliacha kazi akaja kwa majaribio ya miezi mitatu. Akipendeza, meneja atampa mkataba na ikama. Asipopendeza, anapanda ndege. Nafasi yake shuleni ilikwisha kupewa mtu mwingine, na kanisani kwao walimfanyia maombi ya kumuaga mpaka mama yake akashona nguo mpya. Hakuwa na pa kurudi bila kuonekana ameshindwa, na aliniambia hivyo wazi siku ya kwanza. "Mzee Athumani, nishike mkono. Hii kitu ikikataa, sijui nitawaangalia aje." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko kwangu.

Mazoezi tulifanyia chumba cha chini, karibu na dobi, kwenye joto la kumtoa mtu roho. Nilimfundisha Mwavuli wa Kuazima kwanza, maana ndio ulioombwa zaidi. Aliushika haraka. Ila kila tukifika darajani uso wake ulikunjamana.

"Mzee, samahani," akasema siku moja. "Hapa kwa daraja, si ni kama imekatwa? Mimi naisikia ikiwa fupi."

"Fupi vipi?"

"Nimesikiza kwa simu, waimbaji watatu tofauti. Wote wanashikilia hiyo noti ya mwisho, kunakuja kitu kidogo hapo chini, ndio wanarudi. Wewe unarudi tu mara moja."

Wanangu, nilifura. "Ati simu! Mimi napiga wimbo huu tangu mamako hajaolewa, wewe waniletea ya simu? Hao wamerefusha kwa kukosa nguvu ya kuruka. Hapo ndipo penye utamu wenyewe!"

"Sikiza tu kidogo, Mzee, hata dakika moja." Akanyoosha simu na vile vya masikioni. Nikausukuma mkono wake. Simu ikaruka, ikaangukia kapu la taulo chafu. Akaenda akainama akaifukua mle, akaifuta kwa kanga yake, akasema, "Sawa, Mzee." Hakuuliza tena. Rodel alikuwa akikaza nyuzi za besi, macho chini.

Ndiyo hiyo dakika moja niliyomnyima. Nimewahi kukaa saa nzima nikitazama video za mbuzi kwenye simu yangu mwenyewe.

Juma la mwisho la majaribio, meneja wetu Ziyad akaja akifurahi. Kutakuwa na wageni wa wenye hoteli, na pamoja nao kijana wa hapo hapo Jeddah, Fahd, mpiga saksafoni aliyesomea muziki ng'ambo. Atapiga nasi wimbo mmoja. "Na ya Atieno," akasema, "nitaamua siku hiyo hiyo." Fahd alikuja na adabu zake, akanibusu bega, akaniita ammi, yaani baba mdogo. Akauliza tunapiga nini. Nikajibu kwa kifua mbele: Mwavuli wa Kuazima. Uso wake ukachangamka. "Naujua," akasema. Hatukufanya mazoezi. Kwani ndiyo maana ya nyimbo hizi, kila mtu anazijua.

Atieno aliimba vyumba viwili vya kwanza mpaka watu wakaacha kuzungumza. Tukaingia darajani. Hatua ya sita ikaisha, nikaruka. Atieno akaruka nami, Rodel akaruka nasi. Fahd peke yake akabaki kwenye G maina, anapuliza kitu kizuri mahali ambapo sisi hatupo. Aligundua akatukimbilia. Atieno akamsikia akasimama kumngoja. Mimi nikamngoja Atieno. Basi kila mtu akawa anamngoja mwenzake, mpaka ukumbi mzima ukasikia vikombe. Mtu akacheka pembeni. Tulikuwa tunatafutana hivyo wakati adhana ya magharibi ilipoanza, nikafunga kwa kodi moja laini, kama fundi.

Ziyad alimwita Atieno karibu na nguzo, hatua chache kutoka pianoni. Kazini tulikuwa tukizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu, nami nilisikia kila neno.

"Uliingia mapema. Hata Fahd anasema mwimbaji aliingia mapema."

"Samahani, bosi."

"Wimbo unaoimba kila siku?"

"Nilisahau, bosi. Ni makosa yangu."

"Basi, halas. Siwezi kuandika mkataba kwa mwimbaji anayesahau mbele ya wageni."

Atieno hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. Angesema, "Niulizwe mimi au aulizwe aliyenifundisha?" Angekuwa na haki. Lakini mimi ni mzee, na huko kwao kama huku kwetu mtu hamwanikii mzee aibu yake mbele ya watu. Akayameza. Nami nilikuwa nikipangusa kifuniko cha piano ambacho hakikuwa na vumbi.

Rodel akanisogelea. "Mista, utamwambia bosi?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba aliimba ulivyomfundisha."

"Kwani wewe waujua vingine?"

Akashangaa kweli. "Kila mtu kwetu anaujua vingine. Hatua nane. Nilidhani ndivyo mnavyoupiga nyinyi Wakenya. Nilikuwa naheshimu."

Lo! Miaka miwili yule mtu aliruka nami kila siku kwa heshima.

Nikaenda kutawadha, nikaingia chumba cha kuswalia cha wafanyakazi, nikajikuta ubavuni mwa Ziyad. Imamu anasoma, mimi nasikia wembe wa Kombo. Nikaiona selotepu. Nikaiona penseli mkononi mwangu na utepe ule ulioachwa sakafuni. Zimo mle, nikajiambia, hatua ya saba na ya nane zimo kwenye utepe ule wa sakafuni. Wenzangu wakasimama kwa rakaa ya tatu, mimi nimekaa kitako natoa salamu. Ikabidi nirukie kusimama, magoti yanalia.

Tulipomaliza Ziyad akaniuliza kwa upole, "Uko sawa, ya Athumani?"

Nafasi ndiyo hiyo, imeletwa mpaka mkekani. Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Bosi, pengine palikuwa na hitilafu kidogo pale darajani. Pengine piano na saksafoni hazikuelewana." Pengine! Mtu katoka kuswali sasa hivi, udhu haujakauka, anasema pengine.

"Hazikuelewana vipi?"

"Mpe msichana nafasi nyingine. Mara moja tu, wageni bado wapo."

Akafikiri. "Mara moja. Ikivunjika tena, sitaki kusikia neno."

Nilimkuta Atieno kwenye korido ya nyuma ameketi juu ya kreti, ameshavua viatu vya jukwaani. Nikamwambia, "Vaa viatu. Uimbe kama ulivyosikia kwenye simu. Daraja zima, hatua nane." Sikumwomba radhi. Ulimi ulikataa.

Akaniangalia. "Na wewe, Mzee? Utaweza?"

"Mimi? Nisiweze hatua mbili?"

"Sawa, Mzee."

Tukaanza upya, Rodel naye nimeshamnong'oneza: hatua nane. Ziyad alisimama karibu na nguzo, mikono nyuma. Mle chumba cha kwanza nilikuwa tayari nahesabu. Chumba cha pili nahesabu. Nilijua G maina iko wapi, nilijua C seveni iko wapi, mtoto wa wiki moja wa piano anazijua. Tukaingia darajani, Atieno ameinua uso. Nne. Tano. Sita.

Mikono ikaruka.

Yote miwili, kwa nguvu zote, F kubwa kama tulivyoipenda Mombasa. Na safari hii hakuna aliyenifuata. Atieno aliishikilia noti yake, wala hakutikisika. Fahd alikuwa chini yake kwenye G maina, Rodel pamoja naye, wanatembea polepole kwenda C, na mimi katikati yao nagonga F peke yangu. Nikaitoa mikono. Wakafika nyumbani wote pamoja bila mimi, na ndipo kwa mara ya kwanza nikausikia wimbo ule kama ulivyotungwa. Ni mzuri, wanangu. Ni mzuri kuliko mruko.

Ziyad hajui noti hata moja, lakini masikio anayo, na alikuwa akinitazama mimi. Ukumbi wote ulikuwa ukinitazama mimi. Atieno alipewa mkataba juma lile, na ikama ikafuata. Mimi mwisho wa mwezi niliitwa ofisini nikapewa kahawa na tende, nikaambiwa umri, ya Athumani, umri, umefanya kazi nzuri, ukapumzike. Aliyasema kwa heshima mno, nami nikanywa kahawa yote.

Siku ya kuondoka Atieno alikuja mpaka Kandara kunisaidia kufunga mizigo. Alikuwa amenunua zawadi za mke wangu. Akasimama mlangoni, machozi yakaanza kumtoka.

"Mzee, mimi najua," akasema. "Ulifanya makusudi. Ulijiharibia jina mbele ya wale watu wote ndio wajue si mimi. Sitasahau mpaka nife."

Nilifungua kinywa. Nawaapia nilifungua. Yakatoka, "Haya, mwanangu. Mungu akubariki."

Naye jambo hilo amelisimulia Jeddah nzima, na Kisumu, na limefika Mombasa kabla ya mizigo yangu. Ndiyo maana siku ile nilipoingia ukumbini kwenu mlisimama mkapiga makofi. Ndiyo maana mnaniita kuwafundisha moyo wa kujitolea, na ndiyo maana mmetaka niandike. Atieno nitamtumia karatasi hii kabla yenu, aisome kwanza yeye.

Sikujitolea. Msinipake mafuta. Pale kwenye hatua ya sita sikuwa namfikiria Atieno hata chembe. Nilikuwa najitahidi, kwa nguvu zangu zote, kuupiga sawa.